Utepe wa butili kwenye madirisha ya karavani kuukuu: tathmini kwa mvua na baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Ukifufua karavani ya zamani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, Mbeya, Iringa, Mafinga au Njombe, unaweza kubadilisha mbao zote za ukutani na bado ukazikuta zimeoza tena baada ya misimu michache ya mvua. Kinachoamua ni kitu chembamba kisichoonekana: kile kinacholala kati ya fremu ya dirisha na bati la nje. Tathmini hii ni ya utepe wa butili (aina ya mpira laini unaonata), ule wa kijivu au mweusi wenye unene wa milimita 3 na upana wa milimita 19 hadi 25, unaokuja kwenye roli lenye karatasi ya kubandua. Kwa kazi hii hakuna kinachoushinda, mradi uwe butili ya kweli na ufungwe kwa utaratibu wake. Ukiufunga kama unavyopiga silikoni kwenye sinki la jikoni, utavuja na utausingizia utepe.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Karavani nyingi za miaka ya 1960 na 1970, Sprite za Uingereza zikiwemo, zina mifupa ya mbao nyembamba, plaiwudi kwa ndani, na bati la alumini kwa nje ambalo mara nyingi halifiki hata milimita 1. Fremu ya dirisha nayo ni ya alumini, na ina ubapa wa kama sentimita 2 unaolala juu ya bati. Skrubu hupita kwenye ubapa, kisha kwenye bati, kisha zikaingia mbaoni. Mastiki ya zamani, yaani ute wa kuzibia, iliyowekwa chini ya ubapa huo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Hapo maji hayahitaji tundu kubwa: yanafuata uzi wa skrubu hadi ndani ya mbao, yanashuka, na kuoza kunaanzia kona za chini za dirisha. Ukibonyeza plaiwudi chini ya dirisha kwa kidole gumba na ikabonyea, usijisumbue kupaka chochote kwa nje. Toa dirisha.

Hali ya hewa yetu inafanya tatizo liwe kali zaidi. Mita moja ya alumini hurefuka karibu milimita 0.7 joto likipanda kwa nyuzi 30, na mbao iliyo nyuma yake hairefuki kwa kiasi hicho. Juni na Julai asubuhi ya Mbeya ni ya koti zito, lakini saa saba mchana bati lililopigwa na jua huwezi kulishika. Fremu na mbao zinavutana kila siku, mwaka mzima. Ongeza matuta ya kila kijiji kwenye barabara ya TANZAM, mitetemo ya barabara ya vumbi, au kona 57 za kupanda Matamba kutoka Chimala, ambako boksi zima la karavani linajipinda kulia na kushoto. Kitu chochote kinachokauka kikawa kigumu chini ya ubapa wa fremu kitaachia. Butili haikauki. Inabaki laini na yenye kunata kwa miaka mingi, inajivuta na kurudi pamoja na fremu, na inaziba kuzunguka uzi wa kila skrubu inayopita ndani yake. Sifa hiyo ya mwisho peke yake inatosha kuilipia.

Shida ya kwanza ni kuipata iliyo halisi. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ukiomba utepe wa kuzuia maji unaweza kupewa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni utepe wenye mgongo wa karatasi ya alumini, unaobandikwa juu ya mabati yanayovuja. Huo unanata upande mmoja tu na ni mwembamba, kwa hiyo chini ya fremu haufai hata kama gundi yake ni butili. Cha pili ni utepe wa lami. Unafanana sana na butili nyeusi kwa macho, ila joto likipanda unayeyuka na kuchuruzika ukutani, na baridi ikija unakuwa mgumu. Cha tatu ndicho unachokitaka. Mafundi wa vioo vya magari na wanaofungua taa za mbele za magari wanaijua butili vizuri, hivyo ukikosa dukani waulize wao wanaagiza wapi. Lakini butili ya taa nyingi ni ya kupashwa moto kwanza, kwa hiyo hakikisha yako ni ya kubandika ikiwa baridi.

Jaribio ni rahisi na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukatalia. Kata kipande cha sentimita 3, kishike kwa vidole viwili vya kila mkono, ukivute polepole. Butili inarefuka, inarefuka tena, inakuwa nyuzi nyembamba kabla ya kukatika, na vidole vinabaki karibu safi. Utepe wa lami unakatika mapema, unakuachia weusi mikononi, na unanukia barabara mpya. Kisha angalia ukingo wa roli: ukiona umepata ngozi kavu inayong'aa au unapasuka unapoukunja, umekaa dukani muda mrefu, uache. Angalia pia karatasi yake. Karatasi inayochanika vipande vipande unapoibandua itakula nusu ya siku yako, na mabaki yake yakibaki chini ya fremu ni njia ya maji.

Tuje kwenye silikoni, maana ndiyo wengi wanaikimbilia. Ipo kila duka, ni rahisi, na siku ya kwanza inaonekana safi. Kwa dirisha la karavani ni chaguo baya. Ile yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo inashambulia metali. Haishiki vizuri kwenye alumini ya zamani iliyofanya ukungu mweupe. Inapoachia, inaachia kimyakimya: inabaki mahali pake ikiwa na mwanya mwembamba nyuma yake, mwanya unaovuta maji na kuyatunza yakigusana na mbao. Ubaya wake mkubwa zaidi unaonekana siku ya marekebisho. Rangi haishiki pale silikoni ilipopita, butili haishiki, na silikoni mpya yenyewe haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Karavani iliyowahi kupigwa silikoni na mtu mwingine huongeza siku nzima ya kukwangua kwa kila dirisha.

Poliyurethani, gundi ya kuzibia ya kwenye tyubu kama Sikaflex-221, ni bidhaa ya heshima na ina nafasi yake katika kazi hii, lakini si chini ya ubapa. Inashika kwa nguvu mno: siku kioo kikipasuka na ukahitaji kutoa fremu, utapinda alumini au utachana bati. Pia hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, kwa hiyo katika miezi mikavu na ya baridi, Juni hadi Septemba, usitarajie iwe tayari kwa muda ulioandikwa kwa hali ya kawaida. Na isiguse kabisa madirisha ya plastiki ya akriliki, kwani inaweza kuyafanya yapasuke nyufa ndogondogo. Mahali pake ni ukanda mwembamba wa juu, baada ya butili kukaa. Tutaufikia.

Kuhusu kiasi, pima mzunguko wa kila dirisha na usikisie. Dirisha la sentimita 90 kwa 50 lina mzunguko wa mita 2.8. Manne ya namna hiyo ni mita 11.2. Ongeza asilimia 15 kwa viungo na makosa, upate karibu mita 13. Roli la mita 15 linakutosha na linabaki kidogo. Kama bati la karavani yako lina mifereji au migongo, hesabu zaidi, kwa sababu kila bonde linahitaji kipande cha pili chini ya utepe mkuu ili fremu iegemee sawasawa. Tyubu moja ya poliyurethani ya mililita 300, ukipiga ukanda wa pembetatu wa milimita 5 kwa 5, inatoa kama mita 24. Moja inatosha.

Skrubu: nunua za stenlesi, namba 8, urefu wa milimita 25, kichwa kinacholingana na tundu la fremu. Za chuma cha kawaida hushika kutu, na kutu ikikutana na alumini na maji, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu. Kama mashimo ya mbao yamelegea, usikimbilie skrubu ndefu zaidi, kwani itatokea ndani kwenye plaiwudi. Chonga vijiti vya mbao ngumu, vipake gundi isiyopitisha maji, vigonge ndani, kata, subiri hadi kesho yake, kisha toboa upya kwa drili ya milimita 2.5.

Hapa neno kuhusu mbao zenyewe, kwa sababu huku kwetu ndiko zinakotoka. Paini ya Mufindi ni nzuri kwa mifupa ya karavani kwa kuwa ni nyepesi, lakini mbao nyingi za kando ya barabara huuzwa zikiwa bado na maji. Ukifunga fremu kwenye mbao mbichi, mbao itasinyaa, skrubu zitalegea, na mgandamizo wa butili utapotea. Zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati ili zipitiwe na hewa, kwa wiki kadhaa, kabla ya kuzitumia. Na ukipata mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa yenye shaba, kumbuka shaba hiyo ikipata unyevu inakula alumini. Zipake rangi ya mafuta pale zinapokutana na bati.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda. Kwangua mastiki ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa; patasi ya chuma inachora alumini na kila mchoro ni mfereji. Mabaki ya kunata lainisha kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, lakini usiishie hapo, maana mafuta ya taa yanaacha utelezi ambao butili haiupendi. Futa mara mbili kwa spiriti na kitambaa safi cheupe, hadi kitambaa kitoke bila weusi. Silikoni ya zamani haiyeyuki kwa vitu hivi. Inahitaji wembe wa plastiki na subira, kisha msasa laini. Pima pia ulalo wa tundu la dirisha, kona hadi kona, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 3, rekebisha mbao sasa, kwa sababu fremu itakayolazimishwa kufuata tundu lililopinda itahamishia mkazo wote kwenye kioo. Fremu iwe na nafasi ya milimita 2 hadi 3 kila upande ndani ya tundu.

Sasa kufunga. Laza fremu kifudifudi mezani, juu ya blanketi. Bandika utepe kwenye ubapa wa fremu na si kwenye bati, ukianzia katikati ya upande mmoja wa wima. Usiuvute unapoubandika, utepe uliovutwa unakuwa mwembamba na baadaye unajaribu kurudi. Kwenye kona usiukunje ukajiviringisha, ukate na uunganishe kwa mkato wa mshazari, kisha ukandamize viungo kwa kidole hadi mstari upotee. Kiungo cha mwisho kisiwe konani wala upande wa juu, ambako maji hukusanyika. Acha utepe uchungulie milimita 1 au 2 nje ya ukingo wa fremu. Karatasi ya nje isitoke mpaka dakika ya kuinua fremu, la sivyo vumbi la Mbeya litakuwa limeshafika kabla yako.

Hii ni kazi ya watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani. Wa ndani anaweka kabari ndogo za mbao chini ya fremu ili ikae katikati ya tundu, maana butili ikigusa bati imeshika na kuisogeza kunaiharibu. Skrubu za kwanza ziwe za katikati ya kila upande, kisha endelea kuelekea konani, kila moja ukiifunga nusu tu. Tumia bisibisi ya mkono. Drili ya kufungia skrubu, hata ikiwa ndogo, inakaza kupita kiasi bila wewe kuhisi, na ubapa unaanza kufanya mawimbi: umebonyea kwenye kila skrubu na kuinuka katikati. Ukiona butili inatoka nene kwenye skrubu na haitoki kabisa kati ya skrubu mbili, tayari umekaza sana. Inavyotakiwa itoke kama uzi mwembamba ulio sawa mzunguko mzima.

Kisha subiri. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu butili inatiririka polepole na mgandamizo wa leo si wa kesho. Zungusha skrubu zote tena baada ya saa 24, robo mzunguko au chini yake, wakati jua limepasha bati. Katika miezi ya baridi ngoja siku 3 na urudie. Ndipo ukate kilichotoka, kwa kisu cha plastiki kilichochovywa kwenye maji ya sabuni ili kisinate, ukikata ndani kidogo ya ukingo wa fremu. Kwenye kijia hicho kidogo ndipo poliyurethani inapokaa: juu na pande mbili za wima tu. Chini acha wazi. Maji yoyote yatakayopata njia siku moja lazima yawe na pa kutokea, na ukiziba chini umeyafungia ndani pamoja na mbao. Kwa sababu hiyohiyo, usizibe vitundu vidogo vya kutolea maji vilivyoko chini ya fremu yenyewe; vingine vimejaa uchafu wa miaka, vizibue kwa waya.

Raba nyembamba inayofunika vichwa vya skrubu, kwa fremu zilizo nayo, iwekwe mwisho, wiki moja baadaye. Raba za aina hii husinyaa, ndiyo maana kwenye karavani kuukuu utaona kona moja iko wazi na skrubu zimepauka. Iache kwanza ijinyooshe juani, ichovye kwenye maji ya moto, isukume kwenye mfereji wake bila kuivuta, anza na umalizie katikati ya upande wa chini, na kata ikiwa na milimita 10 za ziada ambazo utazisukuma ndani.

Jaribu kwa mpira wa maji wa kawaida, si mashine ya kuoshea magari. Anza chini ya dirisha, dakika 10, mwenzako akiwa ndani na tochi. Panda pande, kisha juu. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi, kwa sababu yatakuwa yamepita kila mahali. Fanya hivyo kabla ya kurudisha plaiwudi na fremu ya urembo ya ndani. Kama karavani itakaa Tukuyu au popote Rungwe ambako mvua haina haraka ya kukatika, rudia jaribio kwa nusu saa.

Udhaifu wa utepe huu upo na usifichwe. Asubuhi ya baridi, tuseme Mafinga mwezi wa Julai, unakuwa mgumu na haunati. Weka roli ndani ya gari lililopigwa jua kwa saa moja kwanza. Mchana wa joto kali unakuwa kama ubani uliotafunwa na unang'ang'ania karatasi, kwa hiyo fanya kazi kivulini. Hauvumilii jua la moja kwa moja kwa muda mrefu, na jua la kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi ni kali hata siku ya baridi. Ukingo ulioachwa wazi hunasa vumbi jekundu na kuwa mstari mchafu usiotoka. Haubebi mzigo: bila skrubu fremu itateleza. Hauzibi mwanya unaozidi milimita 3 mpaka uongeze safu ya pili, na tabaka mbili zikizidi, mbao au bati lako halijanyooka na jibu si utepe. Tena, usiutumie kushikia kioo ndani ya fremu; hiyo ni kazi ya raba ya umbo la U. Bei yake kwa roli pia ni juu ya tyubu ya silikoni, na mtu anayefunga dirisha moja tu la kibanda kisichotembea anaweza kuona haimlipi. Kwa karavani itakayovutwa barabarani, inalipa.

Alama: 4.5 kati ya 5 kwa butili halisi ya milimita 3. Nusu inayopungua ni kwa sababu ya ugumu wake kwenye baridi na kwa sababu ya bandia zilizochanganyika nayo sokoni. Kilichobaki kwenye roli kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kilaze ubavuni na si kwa kusimama, mbali na jua na bila kitu kizito juu yake. Kitafaa kwa tundu la hewa la paani, taa za nyuma na bawaba za mlango, ambazo nazo hupitisha maji kwa njia ileile ya skrubu.